Baka la kahawia shavuni kwa mume wangu, daktari anataka kulipiga picha ya leza kabla ya kukata. Picha inatosha?

mamaZuhura

Assalam aleikum wapendwa, na wengine wote hamjambo. Naombeni msaada kwa wenye ujuzi au waliopitia hili, nimekaa nalo moyoni wiki mbili na usingizi wenyewe ni wa kuibia ibia.

Mi ni wa Mombasa ila tunaishi Ujerumani, huku Bremen. Mume wangu ni Mjerumani, ana miaka 66, maisha yake yote kazi ni fundi wa mapaa, yaani miaka zaidi ya 40 yuko juu ya vigae jua linampiga na kofia havai, anasema upepo wa juu unaibeba. Ana baka shavu la kushoto karibu na sikio. Lilianza kama doa la chai tu, sikulijali. Sasa mwezi uliopita nilikuwa namnyoa na mashine nikainamisha kichwa chake upande wa dirisha, nikaona limekuwa kubwa kama sarafu ya yuro 1, ukingo wake haueleweki, chini limekolea kama kahawa na juu kule kwenye nywele limefifia kama mtu kafuta kidole kichafu. Nikamuuliza hili lina muda gani akasema hata hajui, yeye kioo ni cha kunyolea ndevu tu.

Wifi yangu anasema ni madoa ya uzeeni, yake yeye alitolewa kwa leza saluni dakika kumi akarudi nyumbani, na mume wangu alishataka kwenda huko huko. Nikakataa, nikamwambia kwanza daktari wa ngozi. Tukasubiri miadi wee, tukaipata. Daktari akaweka kilenzi chenye taa juu ya lile baka, akatazama, akanyamaza muda mrefu mpaka moyo ukanienda mbio, halafu akasema hataki kulikata leo, anatupeleka kwa mwenzake mwenye mashine inayoangalia ndani ya ngozi kwa leza na kutoa picha za seli bila kukata.

Sasa maswali yangu. Hiyo kitu ni kweli ipo au ni kupoteza muda? Hiyo leza haiwezi kuchokoza ugonjwa kama upo? Picha ikisema salama ndio tumemaliza? Mamangu kule nyumbani kila nikipiga simu ananiambia usikubali akatwe, saratani ikiguswa na kisu inatawanyika. Na mwisho ni mimi mwenyewe, nna vipele vyeusi vidogo vidogo mashavuni kama vya mama na shangazi zangu, je navyo vipigwe picha?

tabibu_ngozi

Waalaikum salaam dada mamaZuhura. Pole sana, na umefanya jambo kubwa kumzuia shemeji asiende saluni, hilo nitalirudia chini. Mi ni tabibu wa ngozi, nilisomea Moshi pale RDTC, chuo cha magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa 1992 ndani ya hospitali ya KCMC. Hiyo mashine ya leza sijaishika kwa mkono wangu, kazini kwangu natumia dermatoskopu na kisu, lakini picha zake nimezisoma sana kwa sababu uso ndio sehemu inayonipa shida kuliko zote.

Nianze na kile kilenzi. Ndio dermatoskopu yenyewe, inakuza kama mara 10 na taa yake inaondoa mng'ao wa juu ya ngozi ndio maana daktari anaona chini kidogo. Melanini, yaani rangi ya ngozi, ni ile ile moja lakini ikiwa juu kabisa unaiona nyeusi, ikishuka inakuwa kahawia, ikishuka tena kijivu, ikizama zaidi inaonekana buluu. Daktari aliponyamaza naamini alikuwa anatafuta kijivu.

Uso una tabia yake. Doa la mgongoni lina mistari kama wavu, kwa sababu chini ya ngozi ya mgongo kuna mawimbi mawimbi. Usoni yale mawimbi yamelala, tena kwa mtu mzima aliyekaa juani yamelala kabisa, kwa hiyo rangi inatandazika kama shuka na vinyweleo vinaitoboa, ukitazama kwa lenzi unaona chekeche. Sasa doa la uzeeni ni chekeche, ile keratosisi ya jua yenye rangi (kidonda cha jua kinachoweza kutangulia saratani) ni chekeche, na lentigo maligna, ambayo ni melanoma, saratani ya seli za rangi, ikiwa bado changa, ya usoni kwa watu weupe walioungua jua miaka mingi, mwanzoni nayo ni chekeche vile vile. Cha kutazama ni matundu. Seli mbaya zinapenda kushuka pembeni mwa kinyweleo, kwa hiyo tundu linavaa duara la kijivu na hilo duara ni nene upande mmoja, upande mwingine jembamba. Halafu kati ya matundu vinaanza vidoti vya kijivu, vinaungana vinakuwa mistari kama kashata zilivyokatwa kwenye sinia, na mwisho matundu yenyewe yanazibwa. Ningependa kukwambia basi kwa hayo tu mtu anajua, lakini keratosisi yenye rangi inaigiza karibu vyote hivyo, na kwa fundi wa mapaa hizo keratosisi ni jambo la kutegemea kabisa. Ndio maana daktari wenu hakutaka kukisia.

Sasa mashine. Inaitwa hadubini ya konfoko, ipo na si ya majaribio, wazo lake alilibuni Marvin Minsky kule Marekani miaka ya 1950, kwenye ngozi ya mtu aliye hai wakaanza kuitumia miaka ya 1990, na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ikaipitisha mashine ya ngozi 2008. Leza yake ni ya nanomita 830, jicho halioni, nguvu yake ni ndogo mno, haichomi, haitibu, wala haiamshi kitu, ile ya saluni inayochoma ni kitu kingine kabisa msizichanganye. Mwanga unaingia kwenye ngozi unarudi, na mashine ina kitundu kidogo sana kinachoruhusu ule tu uliorudi kutoka kina kimoja, mwingine wote unazuiwa, kwa hiyo picha inatoka safi tabaka moja moja, kama unavyobambua chapati ya kusukuma. Hawachomi sindano ya dawa ya rangi, melanini yenyewe ndio inang'aa nyeupe.

Ngozi ikiwa salama unaona pete zinazong'aa zimepangana, kwetu sie weusi zinang'aa kweli kweli. Kwenye lentigo maligna zile pete zinapoteza ukingo, unatafuta mpaka wake huuoni, na seli kubwa za mviringo zaidi ya mikroni 20 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) zinaonekana zimepanda juu mahali ambapo seli ya rangi haina kazi. Mwaka 2010 Pascale Guitera wa Sydney na wenzake waliweka utaratibu wa alama: seli kubwa zilizopanda juu pointi 2, pete kupoteza ukingo pointi 2, kuna dalili nyingine ndogo za pointi 1 na moja inayopunguza pointi, ukifika 2 unashukiwa. Kwa hesabu yao kipimo kilikamata 85 katika kila 100 wenye ugonjwa, na kati ya wasio nao 76 katika kila 100 kiliwaacha salama.

Jibu la swali lako la tatu limo humo humo dada. 15 katika 100 wanaweza kupita. Tena kuna seli za kinga za ngozi zenye mikono mirefu zinang'aa vile vile na zinaweza kumdanganya hata mzoefu. Na leza inafika robo ya milimita tu, kwa hiyo kama kitu kimezama chini zaidi haiwezi kukupimia kimezama kiasi gani. Picha ikiwa na shaka lazima kinyama kikatwe kipelekwe maabara, mpatholojia, daktari wa maabara anayesoma kinyama, ndiye anasema neno la mwisho.

Mtu atauliza basi ya nini? Chukua baka la shemeji, upana wake ni zaidi ya milimita 20. Bayopsi ya kutoboa, yaani kile kinyama cha kupima, ni milimita 3 au 4. Ukitoboa mahali ambapo pana doa la uzeeni tu na ugonjwa uko sentimita moja pembeni, majibu yatakuja safi na watu watafurahi na ugonjwa umebaki. Hilo linatokea, na vyote viwili kukaa kwenye baka moja ni jambo la kawaida kwa uso ulioungua. Picha inakuonyesha ukate wapi. Na kama ni keratosisi au doa la uzeeni unamuepusha mtu na kovu la usoni bure.

Mama mwambie kwa upole, kukata kinyama kwa kupima hakutawanyishi melanoma, kinachoipa nafasi ni kukaa nayo. Vipele vyako wewe kwa maelezo hayo ni vile vya kurithi vya ngozi yetu, vidogo, vingi, vimeinuka, pande zote mbili za uso, havigeuki saratani na havihitaji mashine yoyote. Ila kikitokea kimoja peke yake, cheusi cha kung'aa kama kimepakwa nta, kando ya pua au kwenye kope, kinapata kidonda kinakauka kinatoka damu tena, hicho kionyeshe haraka maana saratani ya seli za msingi kwa mtu mweusi mara nyingi inakuja na rangi na watu wanaiona chunjua. Na melanoma kwetu haipendi uso, inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Bob Marley yake ilianzia kidole cha mguu, akafariki 1981 ana miaka 36. Wewe ukitoka kuoga tazama nyayo.

kaka_Brisbane

Dada pole, soma hii taratibu halafu mpe na wifi yako asome.

Mi mtu wa Tanga niko Australia jimbo la Queensland, huku jua na ngozi nyeupe ni ugomvi wa kila siku. Baba mkwe wangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa na doa la kahawia kwenye panda la uso. Daktari wa kawaida, sio wa ngozi, akalitazama kwa macho tu akasema la uzeeni, akalipulizia nitrojeni ya maji, ile baridi kali ya kugandishia. Likababuka, likaondoka. Baada ya miezi kama minane ukingo ukarudi, akapuliza tena. Likaondoka tena na sote tukasahau, na mimi nalaumu hapo, kwa sababu baada ya mwaka na nusu lilirudi na safari hii halikuwa la kahawia tena, lilikuwa pinki iliyopauka na uzi wa kijivu upande mmoja, mtu yeyote angesema ni kovu la ile baridi.

Mke wangu ndiye aliyeng'ang'ania. Kufika kwa daktari wa ngozi, dermatoskopu, halafu kinyama, majibu lentigo maligna na sehemu moja imeshaingia chini milimita 0.4. Yule daktari alitueleza kwamba ile nitrojeni iliua rangi ya juu, seli zilizojificha kwenye vinyweleo zikabaki, kwa hiyo ikawa kama umepaka chokaa ukuta wenye mchwa. Ndio maana nasema leza ya saluni usifanye kabisa kwenye doa la usoni ambalo hakuna aliyelitazama kwa lenzi. Rangi ndio inayomwonyesha daktari njia, ukiifuta unamwacha gizani.

Kuhusu hiyo konfoko, sisi tulikutana nayo kabla ya operesheni. Lentigo maligna ina ubaya wa kutambaa nje ya pale unapoona kwa macho. Walitumia ile ya kushika mkononi, ncha yake ndogo kama kofia ya kalamu nene, wakawa wanaiweka ngozini wanasogeza kidogo kidogo kuzunguka lile doa, mmoja anatazama skrini mwingine ana kalamu. Akisema bado anasogea, akisema safi anatia nukta. Walipomaliza nukta zikaungwa, mstari ukatoka umepita nje ya doa, upande wa jicho karibu milimita 9. Mi nilikuwa nimesimama pale, nikasema moyoni kumbe tulikuwa tunatazama kisiwa na hatuoni mwamba chini ya maji.

Alikatwa, akawekewa kiraka cha ngozi kutoka nyuma ya sikio. Anaishi, anakamua, anaenda kuangaliwa kila baada ya miezi. Lakini lingekatwa mara ya kwanza kovu lingekuwa dogo sana kuliko lile.

fundi_Hamburg

Shemeji kama alikuwa fundi wa mapaa Ujerumani kuna kitu msiache. Tangu 2015 keratosisi za jua zikiwa nyingi, na saratani ya ngozi ya seli bapa, kwa mtu aliyefanya kazi nje juani, zinatambuliwa huku kama ugonjwa wa kazini, namba yake ni 5103. Melanoma haimo kwenye namba hiyo. Kwa hiyo mwambieni daktari amtazame kichwa chote, masikio, na nyuma ya mikono, kama ana hizo keratosisi nyingine aandike taarifa, ni haki yake na matibabu yanalipwa tofauti. Na uchunguzi wa ngozi wa bima kuanzia miaka 35 kila baada ya miaka 2 ni bure, mafundi wengi hawaendi, na wewe dada una haki hiyo hiyo.

Neema_wa_Kinondoni

Samahani mamaZuhura naingilia uzi wako ila tabibu kasema kitu kimenishtua. Mi nilitumia mkorogo miaka 7, nasema wazi maana najua wako wengi humu wanasoma kimya. Sasa nimeacha lakini hapa juu ya mashavu pametoka weusi wa ajabu, kijivu kama cha risasi, na ukigusa pana vijipunje kama ngozi ya embe lililoanza kukauka. Duka la urembo wananiambia wanichome leza. Na tabibu kasema kijivu ndio kibaya, je nina melanoma?

tabibu_ngozi

Neema asante kwa kusema wazi. Kwa ulivyoeleza, pande mbili, baada ya miaka ya mkorogo, nafikiria zaidi okronosisi kuliko melanoma, yaani haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi iliyomo mara nyingi kwenye mkorogo, imeacha mabaki ndani ya ngozi. Kinachowaponza watu ni kwamba weusi ukianza wanadhani dawa imepungua nguvu, wanaongeza kupaka, na wanazidi kuwa weusi.

Lakini hofu yako ina msingi, kwa sababu kwa dermatoskopu okronosisi nayo inaziba matundu ya vinyweleo kama lentigo maligna inavyoziba. Tofauti unaona vipunje vya kahawia iliyokolea vimesambaa, vingine vimejikunja kama minyoo midogo. Kwenye hadubini, iwe ya kinyama au ya konfoko, yanaonekana maumbo kama ndizi ndani ya ngozi, hayo ukiyaona huna tena wasiwasi. Nenda Muhimbili au kliniki yoyote yenye daktari wa ngozi, dermatoskopu ipo, atakutazama, akiwa na shaka atachukua kinyama kidogo. Duka la urembo usiende. Ngozi nyeusi ikichomwa leza isiyo yake inajibu kwa weusi zaidi, halafu utakuwa na matatizo mawili. Haidrokwinoni usirudie hata ya kupimiwa na rafiki, na jikinge jua kila siku.

mama_wa_Baraka

Naomba niongeze la watoto wetu. Baraka wangu ana ualbino, ana miaka 11, tupo Arusha. Mwaka juzi alikuwa na kidonda kidogo pinki juu ya mdomo, nikapakua programu ya simu ya kupima madoa, ukipiga picha inakupa rangi, ikatoa kijani, salama. Nikatulia wiki tano. Tulipofika kliniki ya ngozi mtabibu akatazama kwa kilenzi kilichobanwa kwenye simu yake, akasema ni kidonda cha jua kinachotangulia saratani, wakakigandisha siku ile ile, kikapona. Nikamwuliza mbona simu ilisema kijani, akasema hizo programu zinatafuta rangi, na mtoto mwenye ualbino rangi hana, saratani zake zinakuja pinki au za magamba.

Ile picha ya simu kwenda kwa daktari mwingine ikatazamwe na mtu, hiyo nimeona inasaidia sana, mtabibu alituma Moshi na jibu likaja jioni. Lakini programu kujibu yenyewe hapana. Nimesoma baadaye jarida la BMJ la 2020 lilipitia tafiti za programu hizo na kuona hazitegemeki. Sisi tunatumia Kilisun, ile losheni inayotengenezwa KCMC kwa ajili ya watoto hawa, na kofia pana hata akienda chooni shuleni.

tabibu_ngozi

Mama Baraka hapo umesema yote. Nasisitiza tu, kugandisha kwa Baraka kulikuwa sahihi kwa sababu mtu alitazama kwanza na akajua anagandisha nini. Nitrojeni haina kosa.

mamaZuhura

Ndugu zangu nimerudi, samahani nimekaa siku nyingi, nilitaka nije na jibu kamili.

Tulienda kwenye hiyo mashine. Walimsafisha shavu kwa spiriti, wakadondosha mafuta tone moja, wakabandika kipete cha chuma chenye plastiki ya kunata, juu yake jeli ile ile ya utrasaundi, halafu kichwa cha mashine kikashika pale kwenye kipete chenyewe kwa sumaku. Akaambiwa asiongee wala asimeze mate kwa nguvu. Ikawa inatembea yenyewe inapiga vipicha vingi inaviunga, mraba wa milimita 8 kwa 8, wakasogeza tena, wakasogeza tena. Haina maumivu hata chembe, alisema baridi ya jeli tu. Karibu na sikio kipete hakikukaa sawa maana pamepinda, pale daktari akachukua ile ya mkononi kama alivyosema kaka wa Brisbane.

Nilimwomba daktari nitazame na akaniruhusu. Skrini ni nyeusi na nyeupe. Tulipokuwa sehemu ya chini, ile iliyokolea ambayo mimi ndio ilikuwa inanitisha, nikaziona pete tabibu, wallahi nimeziona, zimepangana zinang'aa kama bangili. Nikashusha pumzi. Halafu akapanda juu kule kulikofifia, pale ambapo hata mimi nilidhani ni uchafu, na pete zikaanza kupotea, zikawa ukungu, na kuzunguka tundu la nywele kukawa na vitu vyeupe vya mviringo vikubwa vimejazana. Daktari hakusema kitu, akabonyeza akahifadhi picha, akapima kimoja kwa mstari wa kompyuta, mikroni 24. Nilijua kabla hajageuka.

Akachora nukta mbili kwa kalamu, moja chini moja juu, wiki ile ile wakakata vinyama viwili, nyuzi mbili mbili. Majibu yamekuja baada ya siku 9. Chini ni doa la jua tu. Juu ni lentigo maligna, haijashuka, ipo tabaka la juu peke yake alhamdulillahi. Daktari alituambia wazi kwamba bila picha yeye mwenyewe angekata kule chini kulikokolea, na ningekuwa sasa hivi naandika humu kwamba tumepona.

Wifi nilimwonyesha picha, alikaa kitini. Ameomba miadi ya lile lake alilochomwa saluni, aliuliza kama bado kuna kitu cha kuona na daktari akasema aje atazamwe.

Mama nimemweleza, hakujibu moja kwa moja, akasema atamsomea dua siku ya operesheni, basi nimelichukua hilo kama ruhusa.

Operesheni ni Alhamisi ijayo, wanakata kwa hatua, wanachukua ukingo kwanza unaenda maabara, kidonda kinakaa kimefunikwa mpaka majibu yatoke safi pande zote ndio wanafunga. Kaka wa Brisbane nakuuliza wewe uliyeuguza, hizo siku za kusubiri kidonda kikiwa wazi mlimlazaje mzee, maana wangu amezoea kulalia upande huo huo wa kushoto?

kaka_Brisbane

Alhamdulillah dada, tabaka la juu peke yake ni habari njema kuliko unavyodhani.

Sisi tulimpangia mito miwili kichwa kiwe juu, maana uvimbe unashukia kwenye jicho asubuhi ukiwa umelala chali kabisa, na mto wa tatu tukaubana mgongoni upande wa kushoto asigeuke. Usiku wa kwanza kaa naye, anasahau anajikuna. Pamba ikilowa damu kidogo bonyeza kwa dakika 15 bila kuchungulia chungulia, ikizidi piga ile namba watakayokupa. Nguo zake ziwe za vifungo, asivae kitu cha kupitishia kichwani. Na ile sehemu ya nywele karibu na sikio mwambie mapema haitaota tena, baba mkwe hakuna aliyemwambia na lilimuuma kuliko kisu.

mamaZuhura

Nimeandika yote kwenye karatasi ya friji. La nywele nimemwambia leo, amecheka, amesema basi nimnyoe na upande wa pili zilingane.